Watu Niliokula Nao

Nawaandikia ninyi mlio na mabinti wanaosoma vitabu ambavyo hakuna mwalimu aliyewatuma kuvisoma. Yaliyonipata mimi hapa Mkonze yanaweza kumpata mama yeyote, na hayaji na dalili. Mwanangu hakuanza pombe, hakuacha kanisa, hakubadilisha hata nywele. Alianza tu kutoka nyumbani kila tarehe ishirini ya mwezi akiwa amebeba bakuli la karanga.

"Unakwenda wapi na karanga zangu?" nilimuuliza.

"Kwa kina Asnath, kwenye shamba lao la zabibu. Tunakaa, tunasoma kidogo, tunakula."

"Mnasoma nini?"

"Epikuro."

Ruthu ni binti yangu wa pekee, mwalimu wa sekondari, na wakati huo alikuwa ameshachumbiwa na Faustini, kijana wa Kolo mwenye adabu zake. Jina la Epikuro nilishalisikia kanisani. Kule Athene wafuasi wake walibishana na mtume Paulo, na mchungaji alituambia ni watu wa kula na kunywa na kustarehe. Nikaanza kunusa blauzi za Ruthu akirudi. Zilinuka moshi wa kuni na vumbi.

Siku moja nikambana. Akacheka, akaniambia huyo mzee wa Kigiriki alikufa zaidi ya miaka elfu mbili na mia mbili iliyopita. Alikuwa na bustani, na humo walikaa wanaume, wanawake, hata watumwa, wakala mkate wakanywa maji, na kila tarehe ishirini wafuasi wake walikutana kula pamoja. Siku akitaka kufanya karamu kubwa anamwomba rafiki amletee chungu kidogo cha jibini. Raha aliyoisema yeye ni mwili usiumie na roho isihangaike, basi. Mengine yote watu wamemsingizia. Akasema siku hizi vijana dunia nzima wanamsoma upya kwa sababu wamechoka kuhangaika, na hata zamani wakubwa walichota kwake. Kuna rais wa Marekani aliyeandika kwamba yeye ni mfuasi wake, na padri mmoja Mfaransa aliyetumia miaka mingi kumtetea.

"Padri?"

"Padri kabisa, mama. Ila alimkatalia pale Epikuro aliposema Mungu hatushughulikii. Na mimi namkatalia hapo hapo."

Nikapoa. Hapo ndipo nilipokosea. Nilisema mkate na maji vitamdhuru nani? Sikujua kwamba vitafika mpaka kwenye sendofu.

Harusi ni ya upande wa mwanaume, lakini sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ni siku ya mama. Kwa miaka kumi na mitano nimekaa kwenye kamati za wenzangu. Nimevaa sare za kila rangi, nimecheza nikisindikiza keki za mabinti wa watu mpaka magoti yameanza kulalamika. Nilikuwa nangoja zamu yangu. Nilitaka watu mia tatu, ukumbi uliopambwa mpaka dari, mshereheshaji, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, mezani ameshika jani mdomoni. Nguo nilishashona, kitenge cha kijani kilichonikaa vizuri hapa kiunoni. Michango haijaanza kukusanywa, zimebaki wiki sita, mwenye ukumbi anataka jibu mwisho wa mwezi, ndipo Ruthu akaniambia hataki.

"Hutaki nini?"

"Ukumbi. Spika. Watu nisiowajua wanakula huku wanaangalia simu."

"Si lazima uwajue wewe. Nawajua mimi."

"Unawajua, mama?"

"Tangu hujazaliwa."

Mume wangu, Lameck, alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliendelea kuzifunga hata zilipokwisha kufungwa.

Ruthu akavuta daftari. "Basi tusigombane. Yule mzee alisema mtu aangalie kwanza anakula na nani, ndipo aangalie anakula nini. Andika wageni unaowataka, hata mia tatu. Sharti langu ni moja: awe mtu uliyekaa naye mwaka huu mkala chakula, kwetu au kwake. Msibani haihesabiwi, sherehe haihesabiwi. Wakifika mia tatu, nakwenda ukumbini na taji kichwani."

"Umesema mwenyewe. Baba yako shahidi."

"Mimi sijasikia kitu," alisema Lameck.

Nilikaa na daftari lile kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua likawa kali. Nikapata watu tisa, pamoja na fundi cherehani, ambaye nilimkuta anakula akanikaribisha. Paskazia, mwenyekiti wa kila kamati Mkonze, hakuwemo. Nimekaa naye meza moja sherehe kama arobaini, najua anavyocheza, lakini jiko lake sijawahi kuliona.

"Mimi nimo?" Lameck aliuliza.

"Umo."

"Afadhali. Maana wiki nzima hii unakula umesimama."

Nilipokuwa nafunga daftari nikaona njia. Ruthu alisema mwaka huu, na mwaka haujaisha.

Kesho yake nilifika kwa Paskazia saa saba kasorobo mchana, saa ambayo mtu mwenye adabu hafiki.

"Mama Ruthu, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Kamati imevunjika?"

"Nimekuja kusalimia tu, mwenyekiti."

Akachungulia nyuma yangu aone nimekuja na nani. Halafu akanikaribisha, maana angefanyaje, na akaleta ugali wa uwele na mlenda. Alikula taratibu, akimumunya upande mmoja.

"Nyama siiwezi tena," alisema aliponiona namtazama. "Meno ya nyuma yalishaondoka tangu mwaka juzi."

"Na zile nyama unazofunga kwenye foili kila sherehe?"

"Za mama mkwe. Hatembei sasa. Akijua nimekwenda sherehe, hasinzii mpaka nirudi."

Nikatazama bakuli la mlenda. Mimi ndiye niliyesema kwenye kikao, siku ambayo hakuwepo, kwamba mwenyekiti wetu anatoka nyumbani na foili yake mkobani. Watu walicheka sana siku ile, na mimi nilifurahi walivyocheka.

Sauti ikatoka chumbani: "Mbukwa." Ni bibi mwenyewe ananisalimia. Nikaingia nikamwamkia. Alinishika mkono akauliza mimi ni wa ukoo gani, bibi yangu alikuwa nani, na tulikuwa tunalima wapi, mpaka ugali wangu ukapoa, tukaletewa humo humo tukaumalizia pamoja. Nikaondoka na majina mawili daftarini.

Basi nikashika kasi. Nilikwenda kwa Mzee Gerson, mzee wa kanisa, mjane anayejipikia. Ugali wake uliungua chini na juu ulikuwa mbichi.

"Tangu mama Daudi atutoke," alisema, "hakuna mgeni aliyekula chakula changu."

Niliona kwa nini, lakini niliomba kuongezewa.

Nikaenda mpaka kwa Devota, ambaye hatukuwa tunasemeshana naye tangu mbuzi wake alipomaliza mchicha wangu.

"Nimekuja kula," nilimwambia mlangoni. Sikuwa na maneno mengine.

Akafungua mlango wote. "Umekuja siku nzuri. Mbuzi mwenyewe tumemchinja jana. Kaa tumalizane naye."

Nilikula nyumba mbili kwa siku, siku nyingine tatu. Kwa Paskazia nilirudi na supu ya kuku, nyama nimeichambua laini kabisa, nikamlisha bibi kwa kijiko huku ananieleza njaa ya zamani ilivyokuwa.

Wiki ya pili, Jumanne mchana, wakasimama mlangoni kwangu akina mama wanne na ndoo ya unga, maharage na mafuta ya kula. Mbele yupo Paskazia, nyuma yake Devota.

"Baba Ruthu," alimwambia Lameck kwa upole, "hatukuja kuwaaibisha. Mngesema mapema."

"Tungesema nini?"

"Kwamba hali si nzuri. Mwenzetu anazunguka Mkonze nzima anakula kwa watu."

Lameck akanitazama. "Ndani kuna magunia sita ya uwele," alisema. "Nifungue waone, au utawaeleza mwenyewe?"

Nikaeleza. Nilisema yote, daftari, sharti, watu mia tatu, mpaka yule mzee wa Kigiriki na mkate wake. Devota akashika mbavu.

"Kwa hiyo mbuzi wangu alikuwa mtihani?"

Wote wakacheka isipokuwa Paskazia. Alikuwa bado ameshika mpini wa ndoo.

"Kwa hiyo ulikuja kwangu kwa ajili ya daftari," alisema.

Ningeweza kudanganya. Midomo ilishaanza.

"Mara ya kwanza, ndiyo," nilisema. "Mara ya pili majina yenu yalikuwa yameshaandikwa. Na kuhusu ile foili, mwenyekiti, niliwahi kukusema vibaya kwenye kikao."

"Najua. Niliambiwa siku ile ile."

"Na ukanikaribisha?"

"Ulikuja saa ya chakula. Nikufukuze?" Akaitua ndoo chini. "Haya, jiko lako liko wapi? Miaka kumi na mitano na mimi silijui. Unga huu tunaupika hapa hapa."

Tukaupika, wakala, na wale wanawake wawili wengine waliokuja nao nikawaandika pia wakiwa wanaona.

Mwisho wa mwezi Ruthu alihesabu majina. Yalikuwa hamsini na matatu.

"Mama, umeuiba mtihani huu."

"Ulisema mwaka huu. Mwaka haujaisha."

Akalifunga daftari, akanisogelea. "Sikiliza. Kama ukumbi unautaka kiasi hiki, nitakwenda. Mia tatu, mia nne, sawa. Sikutaka uhangaike, na nimekuhangaisha mimi."

Simu ikaita wakati huo huo. Mwenye ukumbi anauliza, mia tatu au mia nne? Hii ndiyo simu niliyoingoja miaka kumi na mitano. Nikaona mapambo, nikaona ndafu. Nikamwona pia Paskazia chini ya spika, anafunga nyama asiyoweza kuitafuna, na mimi namcheka kwenye meza ya mbele.

"Mpe mwingine," nilimwambia.

Sendofu ilifanyika uani kwetu. Ndafu nilimpata, maana kwa hilo nilikataa katakata, na Ruthu akasema sawa, hicho ndicho chungu changu cha jibini. Wakwe wa Kolo walikuja na asali. Mzee Gerson aliomba kusaidia kupika, tukampa kazi ya kupanga viti. Paskazia alikula mlenda mpaka ukaisha, bila foili, kwa kuwa mama mkwe wake alibebwa pamoja na kiti chake na alikuwa ameketi pembeni yake, na kila mtu uani alikuwa anamjua kwa jina.

Kwa hiyo nawaonya. Mafundisho haya hayaishii kwa mtoto. Mwanangu ameolewa, lakini kila tarehe ishirini wale wanawake na Mzee Gerson wanakuja kukaa kwangu, na kesho ni ishirini. Devota ameshauliza kama aje na mbuzi mwingine. Ile nguo ya kijani fundi ameifumua mishono mara mbili, na amesema mara ya tatu haitawezekana. Ninyi ambao mabinti zenu wameanza kutoka na mabakuli ya karanga, shoneni nguo zenye nafasi.