Barfi Kabla ya Theluji

Sindano ilikuwa imefika kona ya tatu ya mfarishi Tajwar aliposikia matone darini. Akaiacha imesimama ndani ya pamba, akasikiliza. Theluji haina sauti, na hiki kilikuwa na sauti, basi ni mvua. Akavuta uzi, akaendelea kushona.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Jumapili asubuhi lori lingefika nyumba ya pili kupakia vyombo vya shemeji yake Ghiyasuddin na mkewe Shakila, wahamie Herat kwa mtoto wao. Nyumba yao ilikwisha kuuzwa. Kati ya saa hiyo na Jumapili, Tajwar alihitaji theluji ianguke Paghman, na msimu mzima wa baridi haikuwa imeanguka hata ya kulowesha kiatu.

Mumewe, Mirdad, aliingia kofia ikichuruzika, mkononi ameshika kijiti cha mlozi.

"Tazama upumbavu huu, mama Sohrab."

Matumba ya mlozi yalikuwa yamevimba, yameanza kuonyesha weupe kwenye ncha.

"Siku arobaini za baridi zimekwisha juzi tu," Mirdad alisema, "na huu mti unadhani mwaka mpya wa Nauruzi umeshafika."

"Usiulaumu. Mimi mwenyewe leo nimevaa soksi jozi moja."

"Cheka tu. Baridi ikija mwezi ujao, haya yote yataungua. Isipokuja, kiangazi mfereji utakuwa njia ya kuku."

"Simu inasemaje?"

"Asilimia thelathini. Jioni ya leo."

"Thelathini ya theluji ndiyo nini, baba Sohrab? Itafika kwenye magoti ya mbuzi, au itaangukia jirani peke yake?"

Mirdad alikaribia kucheka. Kisha macho yake yakashuka kwenye mfarishi, kitambaa cha bluu chenye maua asichokitambua.

"Wa nani huo?"

"Wa dada Shakila. Ameniomba niumalize kabla hawajaondoka."

Mirdad aliweka kijiti dirishani, akatoka. Hakubamiza mlango. Angebamiza, Tajwar angekuwa na la kumjibu.

Miaka minne iliyopita ndiyo mara ya mwisho theluji kuanguka Paghman ikajaa. Asubuhi ile Mirdad alipanda juu ya paa kuikwangua, na badala ya kuitupa njiani, akaitupa upande wa kaka yake kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Ikaangukia kibanda cha tanuri la mkate la Shakila, kibanda kikalala. Hakuna aliyeumia. Lakini Ghiyasuddin, mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini, alisema kuwa mdogo wake amepewa mikono ya kutupa, si ya kushika. Mirdad alikuwa amekwisha kununua mbao za kukijenga upya kibanda. Akazirudisha dukani siku hiyo hiyo. Tangu hapo ndugu wawili wanaogawana ukuta mmoja hawakusemezana. Tajwar alialika sikukuu mbili mfululizo. Mara zote mbili jibu lilipita juu ya ukuta kwamba wameshiba. Na misimu ya baridi iliyofuata ilikuwa myepesi, theluji ya usiku mmoja inayotoweka kabla ya chai, kana kwamba hata mbingu haikutaka kuwakumbusha.

Mwaliko unaweza kukataliwa. Barfi, desturi ya theluji ya kwanza, haikataliki. Marehemu mkwewe, baba wa hao wawili, aliishika barfi kama watu wengine wanavyoshika mipaka ya shamba. Theluji ya kwanza ya mwaka ikianguka, unaandika karatasi, unaificha ndani ya kitu, unakipeleka kwa ndugu au jirani. Akikipokea kwa mkono wake nawe ukafanikiwa kutoka nje ya mlango wake, amefungwa: atakukaribisha kula. Akikugundua na kukukamata kabla hujatoka, umefungwa wewe: unapakwa masizi usoni, na karamu ni kwako. Mzee alikuwa na sharti moja zaidi. Theluji lazima iwe imefanya mgongo wa ukuta wa uani uwe mweupe. Pasipo hapo, alisema, watu watapeleka barfi kwa kila wingu.

Saa tisa mvua ilipungua. Tajwar akatoa mkono dirishani. Kitu chepesi kilitua kiganjani, kikawa maji kabla hajakitazama. Kikaja kingine. Sasa matone yalikuwa yakishuka polepole kuliko mvua, yana weupe katikati, mengine yakizungukazunguka kabla ya kufika chini. Uani yaliyeyuka yote. Alitazama ukuta, na juu yake, kwenye udongo na makapi ya ngano, palikuwa na mstari mweupe mwembamba.

Alisubiri. Alihesabu hadi mia mbili, akatazama tena. Mstari ulikuwa palepale, au alitaka uwe palepale. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yakifunguka. Akisubiri zaidi huenda ikakaa vizuri, na huenda jua likatoka likafuta kila kitu hadi mwaka ujao, na mwaka ujao Ghiyasuddin atakuwa Herat.

Akachukua karatasi ya daftari la Sohrab la zamani, akaandika: Theluji mpya yetu, barfi yenu. Nyumba ya Mirdad. Akaikunja mara nne, akaisukuma ndani ya kona ya nne ya mfarishi, akashona haraka bila subana. Sindano ikamchoma kidole. Akakinyonya, akaukunja mfarishi, akajifunga shali, akatoka.

Alitegemea Shakila afungue. Akafungua Ghiyasuddin mwenyewe, mabegani blanketi, ndevu zimekuwa nyeupe kuliko alivyozikumbuka.

"Salamu aleikum, shemeji. Nimeleta mfarishi."

"Aleikum salamu. Weka hapo."

"Hapo chini kuna maji."

"Basi weka juu ya sanduku."

Yalikuwa masanduku sita yamefungwa kamba. Akiweka juu ya sanduku, hakuna mkono uliopokea. Tajwar alibaki ameukumbatia mfarishi.

"Nilitaka dada aukague kwanza. Isije ikawa safarini ananitukana mimi."

"Nikutukane nini tena, mjukuu wa fundi?" Shakila alitokea ndani mikono ina vumbi la kufungasha. "Lete huku. Ee, mzito! Umetia pamba au umetia shuka zako kuukuu?" Akaupokea kwa mikono miwili.

Tajwar aligeuka. Mlango ulikuwa hatua tano mbele yake. Alipiga tatu.

"Ngoja," Ghiyasuddin alisema.

Hakuinua sauti. Alipitisha mkono juu ya kona ya mfarishi, ile yenye mishono mirefu, akaiminya. Karatasi ikalia. Akampita Tajwar, akausukuma mlango ukajifunga mbele yake.

Shakila alishika mdomo. "Ya Allah. Barfi!"

Ghiyasuddin alichana uzi kwa jino, akaikunjua karatasi, akaisoma. Tajwar alimwona akiisoma mara ya pili.

"Mirdad anajua?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. "Hajui," alisema.

Shemeji yake alitoka uani kwa mlango wa nyuma, naye akamfuata kwa kuwa hakujua la kufanya. Ghiyasuddin alisimama mbele ya ukuta wa pamoja, akainua kidole kimoja, akakibonyeza kwenye ule mstari mweupe. Kidole kikazama, kikatoka na tope.

"Hii siyo theluji," alisema. "Hii ni mvua iliyovaa shuka. Baba angekucheka mpaka afike Kabul."

"Ilikuwa nyeupe nilipotoka."

"Kuwa nyeupe ni jambo moja, kukaa ni jingine. Unajua sharti."

Alilijua. Alikuwa amekosea mara mbili, kwa theluji isiyokuwapo na kwa kukamatwa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine, na alikishikilia kama mtu anayeshika kamba kisimani: aliyefungwa sasa ni yeye. Karamu ilikuwa kwake. Ghiyasuddin alipaswa kuja kuila.

Ghiyasuddin aliikunja karatasi polepole, akamrudishia.

"Nenda nyumbani, Tajwar. Una nia njema. Nimekusamehe."

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Asamehewe, mambo yaishe pale uani, na Jumapili lori liondoke.

"Sikuomba msamaha, shemeji."

"Nimekupa bila kuombwa."

"Basi siupokei. Nimeshindwa. Nidai. Baba hakuwahi kumsamehe mtu barfi. Alimtoza mpaka mullah. Ukinisamehe, useme kwamba mimi si wa nyumba hii, maana ni mgeni tu anayesamehewa."

Ghiyasuddin alifutia kidole chenye tope kwenye blanketi lake. Maji yalidondoka kutoka ukingo wa paa kati yao. Aliutazama ukuta, upande wa pili ambako mtu alikuwa akipasua kuni, pigo moja, kimya, pigo jingine. Wote wawili walijua ni nani.

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Na wewe kwa nini hukwenda?"

Hakuna aliyewahi kumjibu Ghiyasuddin hivyo, pengine tangu baba yake afe. Uso wake ukakazana. Tajwar akadhani ameharibu mambo, na kwa ulimi wake mwenyewe.

Ndipo kitu baridi na laini kikampitia shavuni. Shakila alikuwa amekwenda jikoni bila mtu kumwona, na kiganja chake kilikuwa cheusi cha masizi ya sufuria. Akampaka shavu la pili, kisha paji la uso, kisha pua, bila haraka, kama anayepaka samli mkate.

"Haya," alimwambia mumewe. "Uso umeshapakwa. Uso uliopakwa hausamehewi. Au nimsafishe wewe ukiwa unatazama?"

Ghiyasuddin alimtazama mke wake, akamtazama Tajwar, ambaye ni macho tu yaliyobaki meupe. Kona ya ndevu zake ikatikisika. Akageuka haraka kuelekea ndani.

"Ashaki," alisema akiwa amewapa mgongo; alitaka vile vifuko vya unga vya kuchemsha, vilivyojazwa majani ya gandana. "Kesho mchana. Na gandana iwe ya shambani, siyo ya jana sokoni."

Tajwar alirudi kwa njia ya nje, shali usoni. Mirdad alikuwa bado na shoka. Tajwar aliposhusha shali, shoka likabaki hewani.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Dada Shakila."

Mirdad aliutazama uso ule, akatazama mbingu iliyokuwa inadondosha maji matupu sasa, akatazama ukuta.

"Ulipeleka barfi kwa hii? Hata punda angejua ni mvua."

"Punda hakuulizwa."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina la nyumba."

Mirdad aliliweka shoka juu ya gogo, akatoka kwa mlango wa shambani. Tajwar alisikia hatua zake zikipotea kwenye tope. Aliingia ndani, akakaa karibu na jiko la bati bila kunawa, akaanza kupanga majibu kwa maneno ambayo hakuwa ameyasikia bado. Hakika atasema hatakuwapo kesho. Hakika atakwenda kwa binamu yake kule Qargha. Muda ukapita wa kuchemsha birika mara mbili.

Mirdad alirudi na fungu kubwa la gandana kifuani, majani ya kijani kibichi kama ya vitunguu, yanayodondosha maji. Miaka ya zamani yangekuwa chini ya theluji. Akayamwaga kwenye sinia, akaketi, akachukua kisu, akaanza kutoa majani ya njano moja moja.

"Sitampokea mlangoni," alisema.

"Hakuna aliyekuambia."

"Na sitaanza kusema mimi."

"Sawa."

Akakata. Alikata nyembamba sana, nyembamba kuliko anavyokata siku zote, akisimama mara kwa mara kufuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa gandana ni kali.

"Unga upo?"

"Upo. Nitaukanda alfajiri, ukae kidogo kabla ya kusukumwa."

Giza lilikuwa linaingia. Nusu ya fungu ilikuwa imekatwa, nusu bado ina mizizi na udongo. Mirdad akafunika sinia kwa kitambaa kilicholoweshwa, akasukuma yaliyobaki pembeni.

"Haya mengine kesho," alisema.