Sigara Yenye Dawa

Mwenye duka la pale kona alikuwa mwanamke wa maneno, na Mungu si Athumani, akampa mume wa maneno zaidi. Mumewe alitangaza mabasi stendi kwa miaka ishirini na miwili. Kabla hawajaletewa vipaza sauti alitumia koo lake tu, na bado mtu aliyekuwa anakunywa chai ng'ambo ya barabara alijua basi lake linaondoka. Wakambandika jina la Tarumbeta, likamganda. Hata mashemeji zake walimwita hivyo.

Huyo Tarumbeta alikuwa mvutaji, tena si wa mchezo. Mkewe alimsema asubuhi, akamsema jioni, mpaka ulimi ukaota sugu. Kila alfajiri mzee aliamka na kikohozi cha kuamsha majirani, na kila alfajiri mkewe akageukia ukutani akiomba siku moja aje aamke kimya.

Sasa, miaka mitatu nyuma, muuzaji wa jumla alileta dukani katoni ya sigara mpya, nyembamba, za rangi ya kahawia. Mwenye duka akafungua paketi moja, akanusa. Karafuu! Akili ikamrudisha moja kwa moja kwa marehemu mama yake, ambaye jino likimsumbua alibana punje ya karafuu pembeni, na baada ya muda mfupi maumivu yalikwisha. Hakuuliza mtu. Karafuu ni dawa, basi sigara ya karafuu ni sigara yenye dawa. Hesabu imeisha.

Jioni ile akampelekea mumewe paketi nzima, meno yote nje. "Baba watoto, kama kuacha kumekushinda, vuta hizi. Hizi hazina shari."

Tarumbeta akaitazama paketi, akamtazama mkewe, akawasha moja. Hakukohoa. Siku zikaenda, na kile kikohozi cha alfajiri hakikusikika tena. Mama wa watu akatembea kifua mbele. Kila mke aliyekuja dukani kulalamikia moshi wa mumewe alipewa ushauri ule ule na paketi ile ile.

Mwaka wa tatu sauti ya Tarumbeta ikaanza kukwaruza. Kwanza mwisho wa siku tu, halafu kutwa nzima, na abiria wakawa wanauliza mara mbili basi gani limeitwa. Mkewe akasema ni vumbi la stendi. Alimuuliza kama koo linauma, naye akajibu haliumi hata kidogo, na kwake kisichouma hakikuwa ugonjwa. Wakaendelea hivyo miezi minne.

Ndipo akaja mkaguzi wa afya, binti mwenye umri wa kitinda mimba wake, na faili kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Binti akaeleza kilichomleta. Sheria ya tumbaku ilikuwa imebadilishwa. Sigara zote zilizotiwa vionjo, za mnanaa, za matunda, za karafuu, zilikuwa hazina ruhusa tena kukaa kwenye rafu, na wenye maduka walipewa mwezi mmoja kuziondoa.

"Za matunda nakubali," akasema mwenye duka. "Hizo ni za kuwahadaa watoto. Lakini za karafuu niachie. Zile ni dawa."

Mkaguzi hakucheka. Inaonekana si mara ya kwanza kulisikia hilo. "Mama, karafuu inalifanya nini jino?"

"Inaliponya."

"Inaliponya, au inalitia ganzi?"

Mwenye duka akachukua paketi ya karafuu rafuni, akaigeuzageuza.

"Jino likitiwa ganzi linaendelea kuoza vile vile," mkaguzi akasema, "ila mwenye jino hana habari. Na koo ni hivyo hivyo. Kukohoa ni koo kuukataa moshi. Likishakufa ganzi halikatai tena, mtu anavuta mpaka chini kabisa. Na humo ndani tumbaku ndiyo nyingi, mama. Karafuu ni ya kusindikiza tu. Lami ya moshi ni ile ile, pengine na zaidi."

Mwenye duka akaiweka ile paketi kwenye kaunta. "Na kama mtu sauti yake inakwaruza?"

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

Binti akaweka kalamu chini. "Usingoje wiki ijayo. Mpeleke kesho."

Alimpeleka. Daktari akaingiza kamera kooni, akanyofoa kipande kidogo kikapimwe, akasema majibu yatachukua siku tisa. Siku tisa! Mwanamke yule aliziishi moja moja. Hakusubiri mwezi wa serikali uishe. Jioni ile ile waliyotoka hospitali alizitoa paketi zote kwenye rafu, akazifungia stoo zingoje kuchukuliwa. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa wale wake za watu aliowapa ushauri. Mdomo uliosifu ndio uliokwenda kukanusha.

"Wewe si ndiye ulituambia ni dawa?" mmoja akamuuliza mlangoni.

"Nilikosea," akajibu, akaenda mlango wa pili.

Ila kuna nyumba moja ambamo hakuweza kulisema neno hilo: yake mwenyewe. Alimtengea mumewe chakula, akamtazama anavyokula, na moyoni wimbo ulikuwa mmoja tu: mimi ndiye niliyempa. Akifa, atakuwa amekufa kwa mkono wangu.

Siku ya tisa wakaketi mbele ya daktari, magoti yakigusana chini ya meza. Daktari akafunua karatasi, akaisoma taratibu, maana madaktari hawajui kuharakisha pale mtu anapotaka.

"Si saratani," akasema.

Yaliyofuata mwanamke aliyasikia kwa mbali: vivimbe viwili kwenye nyuzi za sauti, kazi ya kupayuka miaka yote hiyo na moshi juu yake, vitatolewa, mgonjwa ana bahati kuwahi. Sigara basi, za aina yoyote, hata zikitiwa asali. Na tangu dakika ile mpaka baada ya matibabu, hakuna kusema. Hata kunong'ona ni marufuku.

Tarumbeta akafungua mdomo kushukuru. Daktari akanyoosha kidole. Tarumbeta akaufunga.

Walitoka wakaketi kwenye benchi la ukumbini. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa mwanamke alisikia njaa, njaa ya kweli, ya mtu mzima. Na kwa sababu mumewe alikuwa amefungwa mdomo kwa amri ya serikali ya hospitali, akaona yeye asiposema leo hatasema tena.

"Baba watoto, nina deni la maneno. Zile sigara ni mimi niliyekuletea. Sikuuliza mtu, nilijifanya najua. Siku zote hizi nilikuwa najihesabu kuwa nimekuua. Nisamehe."

Tarumbeta akamtazama. Akachomoa kalamu mfukoni, akageuza kadi ya kliniki, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa:

SIKU ILE ULIPOLETA PAKETI NILIKUWA NIMESHAACHA. SIKU YA NNE.

Mkewe akasoma. Akasoma tena. "Ulikuwa umeshaacha? Uliacha sigara, bila kunitangazia?"

Akaandika: NILIOGOPA NIKISHINDWA UTANICHEKA.

"Sasa mbona ukawasha?"

Akaandika tena: ULIKUWA UMEFURAHI SANA.

Mwanamke akaishika ile kadi kwa mikono miwili. Hasira ilimpanda, mapenzi yakapanda nyuma yake, vyote vikagongana kifuani. "Na miaka yote mitatu, baba watoto, wewe mtu wa kutangaza, ukakosa hata siku moja ya kuniambia?"

Tarumbeta akauonyesha mlango wa daktari, kisha akaweka kidole midomoni.

Mkewe akacheka, akalia, akacheka tena, mpaka watu waliokuwa kwenye benchi lile wakasogea pembeni kidogo.