Ugali wa Kwanza Ng'ambo ya Malagarasi

Nilikuwa nyuma yao kwa umbali ule ambao mtu husikia kengele za baiskeli lakini hasikii mazungumzo. Mbuga ilikuwa imeanza kukauka. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka, na katikati ya nyasi zilizolala njia ya zamani ya misafara ilionekana kama mkunjo kwenye nguo iliyokaa sana sandukuni. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwa mahali pake. Mbele yangu zilikwenda baiskeli tatu, kila moja imefungwa ndoo tupu kwa mpira. Ya mzee Mhoja, mkuu wa kambi ya warina asali, ilitangulia, ikifuatiwa na ya Shomari na ya Damas. Ya nne ilikuwa yangu, na hakuna aliyenialika.

Shomari alisimama, akageuka, akaweka mguu chini.

"We binti Nzeyimana, rudi nyumbani. Huku hakuna soko."

"Sitafuti soko."

"Basi unafuata nini?"

"Nafuata barabara. Au na yenyewe ni ya kambi?"

Barabara haikuwa ya kambi, na yeye alijua. Alipanda baiskeli yake. Mimi ni mpima ardhi. Ofisi yangu iko Nzega, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaonyesha watu tofauti kati ya mahali wanapodhani mpaka upo na mahali ulipo. Nimezoea kuchukiwa kabla ya saa nne asubuhi.

Baba alifika Ulyankulu mwaka 1972 akiwa kijana, pamoja na maelfu ya wengine waliokimbia mauaji Burundi. Wengi wa majirani zetu waligeukia mahindi na tumbaku. Yeye alipenda msitu. Aliyemfundisha kuvua gome la mti bila kulipasua, kulikunja likawa mzinga na kulitundika juu matawini alikuwa huyohuyo Mhoja, Mnyamwezi wa kijiji jirani. Walirina asali pamoja tangu kabla sijazaliwa. Kila mwaka, mvua zikishakatika na mbuga ikipitika, walivuka mto Malagarasi kwenda kwenye milima inayotazama Ziwa Sagara, wakarudi baada ya wiki kadhaa, wananuka moshi na nta.

Baba alifariki wakati wa Kwaresima. Siku ya kuondoa matanga Mhoja alikuja na mbuzi, akaketi na mama, akasema maneno mazuri ambayo hayakuwa ya uongo. Kisha akasema mizinga ya marehemu wataitunza wao.

"Mtaitunza au mtaichukua?" mama aliuliza. Mama yangu, Prisila, hana tabia ya kuzunguka jambo.

"Mama Stela, desturi unaijua."

Aliijua. Niliijua na mimi. Katika kambi yao, msimu wa kwanza baada ya msiba, mtoto wa marehemu alipaswa kufika na kugusa kwa mkono wake kila mzinga wenye alama ya baba yake. Ile aliyoigusa ikawa yake. Ile ambayo hakuigusa ikawa ya kambi. Desturi ilisema mtoto. Watu walisikia mtoto wa kiume. Baba alikuwa na mimi peke yangu.

"Nitakwenda mimi," nilisema.

Mhoja alinitazama kwa upole wa mtu anayemsikiliza mgonjwa. "Mwanangu, mwanamke hakanyagi kambi ya asali. Nyuki wanakuwa wakali."

"Nani aliwahi kujaribu, mzee?"

"Hakuna."

"Sasa mmejuaje?"

"Mambo mengine hayapimwi."

Alipoondoka, mama aliendelea kupeta maharage. Kisha alizungumza Kirundi, lugha anayoitumia kwa mambo ambayo hataki yajadiliwe. Alisema baba alikuja nchi hii bila jembe, na kitu cha kwanza alichokiita "changu" kilikuwa mzinga. Wakinirudisha, nirudi, lakini nisirudi kwa sababu nimeogopa kuanza. Kisha akaniambia nifue nguo zangu za safari kwa majivu badala ya sabuni. Nyuki hawanusi kama mtu ni mwanamke au mwanamume. Wananusa jasho, mafuta, sabuni na pumzi, na hilo baba alilijua bila kulisoma, nami nililijua baada ya kulisoma.

Mtoni, Shomari alimwambia mwenye mtumbwi asinivushe. Mwenye mtumbwi alikuwa mtu mnene asiye na haraka, anakunywa uji kwenye kopo.

"Mimi navusha watu," alisema. "Ugomvi wenu kaushusheni ng'ambo."

Katikati ya mto, Shomari alisema, akiutazama upande wa maji, kwamba ni ajabu mizinga ya mkimbizi kuning'inia kwenye miti ya Unyamwezi na bado watu wanadai urithi.

"Mkimbizi ana cheti cha uraia," nilisema. "Na miti ni ya serikali. Kibali cha kambi yenu kaombeni kwa bwana misitu, muone kama kimeandikwa Unyamwezi."

Damas alicheka akajifanya anakohoa. Na yeye ni mtoto wa Ulyankulu. Wazazi wake walikuja na lori lilelile lililomleta baba. Hakunitetea hata hivyo. Nilipomtazama alianza kuzibana kamba za ndoo zake, ambazo zilikuwa zimebanwa tayari.

Ng'ambo ya mto nchi inaanza kuinuka. Nyasi zinakuwa fupi, mawe yanatokeza, halafu ghafla miti imefungana na baiskeli inasukumwa. Tulifika kambini alasiri. Palikuwa na kibanda cha nyasi kilichoinama, mafiga meusi, na chini kabisa, kati ya vilima viwili, Ziwa Sagara, limetanda bapa na la kijivu kama bati. Wanaume walishusha mizigo. Hakuna aliyenifukuza jioni ile, kwa kuwa hakuna mtu anayemrudisha mwingine mbugani jua likiwa limeelekea kuzama. Waliahirisha tu.

Hapa lazima nieleze jambo moja, na nilieleze kwa usahihi.

Kambi ile ilikuwa na desturi nyingine, ambayo baba alinisimulia nikiwa shule ya msingi, kwa kuwa ilimchekesha. Mtu anayesonga ugali wa kwanza ndiye anayefungua na kufunga kambi. Wote wakishakula kutoka mkononi mwake, mtu huyo hawezi kufukuzwa kwa sababu yoyote, na kambi haivunjwi mpaka yeye mwenyewe asonge ugali wa mwisho. Walisema ilitoka kwa wapagazi wa zamani, waliokuwa wakiogopa mpishi wao kutelekezwa njiani. Sina ushahidi wa hilo. Ninachojua ni kwamba kila mwaka kazi hiyo alipewa yule aliyejiunga mwisho, na tangu alipojiunga alikuwa ni Damas.

Damas alikuwa ameinjika maji. Yalipochemka, alishika mfuko wa unga, akanitazama, akautazama mfuko, na nikaona mazoea ya maisha yake yote yakimpanda mkononi. Nyumbani kwake hakuna siku aliyowahi kusonga ugali wakati mwanamke amekaa.

"Dada Stela," alisema, "hii si ndiyo idara yako?"

"Mpe, mpe," Shomari alisema kutoka kibandani. "Mwanamke yupo halafu wanaume tusonge? Tutachekwa na nyani."

Nilisimama. Sikutaka mtu aje aseme baadaye kwamba nilijificha nyuma ya kitu. Mhoja alikuwa anasuka kamba ya kupandia, ameibana kwa vidole vya miguu. Nilimwendea.

"Mzee Mhoja, nisonge mimi?"

Hakuinua macho. "Songa, mwanangu, songa. Tumekufa njaa."

Nilisonga. Ulikuwa mgumu, kama wanavyoupenda watu wa safari. Niliugawa kwa kambare mkavu, nikamkabidhi kila mmoja tonge lake la kwanza kwa mkono wangu, na wote watatu walikula. Damas alisifu.

Asubuhi Mhoja aliniita. Ziwani, alisema, kuna mchuuzi wa samaki anayepanda pikipiki kwenda Kaliua, atanibeba. Baiskeli yangu wangerudi nayo wao. Alizungumza kwa heshima, kama baba.

"Siwezi kuondoka," nilisema.

"Utaondoka, Stela."

"Jana nani alisonga ugali?"

Kwanza Mhoja hakuelewa. Kisha akaelewa. Kisha akageuza shingo polepole kumtafuta Damas, ambaye alikuwa anapiga mswaki, na mswaki ukabaki shavuni.

"Ametutega huyu," Shomari alisema.

"Sikutega. Niliuliza, tena kwa sauti. Mkasema nisonge."

"Hiyo desturi si ya wanawake."

"Inasema anayesonga. Haisemi zaidi ya hapo. Kama haifai, ifuteni sasa hivi, mbele yangu, na ile ya mizinga kuwa ya kambi tuifute nayo. Zote mbili mmezipokea kutoka kwa watu walewale."

Shomari alifungua mdomo. Mhoja alimnyamazisha kwa kiganja. Alikuwa mzee wa haki kwa namna yake: aliamini desturi hata pale ilipomwuma. Akatema mate pembeni, akaokota kamba aliyoisuka jana, akanitupia miguuni.

"Nyuki wakikutoa macho, usimlilie mtu."

"Sitamlilia."

Mzinga wa kwanza wa baba ulikuwa kwenye mti mrefu wa mtundu ukingoni mwa mlima. Alama yake ilikuwa mikato miwili na nukta iliyochomwa kwa chuma cha moto. Nilifunga kamba, nikapanda na kienge cha nyasi kinachofuka moshi mgongoni, na katikati nilisimama kupumzika. Toka pale niliiona safari yetu nzima kwa mtazamo mmoja: mbuga ya kahawia, mto umejipinda ndani yake, na ziwa upande wa pili wa kilima. Chini, Shomari alikuwa ameketi juu ya jiwe kusubiri nianguke. Nilipuliza moshi mdomoni mwa mzinga, nikangoja, nikaufungua. Niliumwa kope, shingo na vidole. Wanaume wale nao waliumwa siku ileile, kila mmoja kwenye mti wake, na sikusikia mtu akiuliza nyuki wamekasirishwa na nini. Nilitoa masega mazito, meusi, na kuyashusha kwa ndoo. Jicho langu la kushoto lilikuwa limefumba kabisa nilipogusa ardhi. Damas ndiye aliyeipokea ndoo. Shomari alisema ninafanana na mjomba wake.

Siku zilizofuata nilipanda kila mti wenye alama ile. Sikupendwa, lakini niliachwa nifanye kazi, na kwangu hiyo inatosha. Mhoja alinionyesha mara moja namna ya kuacha sega la watoto wa nyuki bila kulijeruhi, akasema, bila kunitazama, kwamba baba yangu naye alichelewa kulijua hilo.

Ndoo zilijaa. Asubuhi moja nilikuta wanafunga mizigo.

"Tunashuka leo," Mhoja alisema. "Songa tule, tuondoke."

"Bado mzinga mmoja. Ule wa mgongo wa pili wa mlima."

Shomari alicheka. "Ule wa ng'ambo ya bonde? Huko ni mwendo wa siku nzima kwenda na kurudi. Mtu hajafika kule tangu mvua za mwaka juzi. Uache, utakuwa wa kambi. Mmoja tu."

"Hapana."

"Stela," Mhoja alisema, "una mizinga yote. Mmoja ni kitu gani?"

"Ni wa baba."

"Sisi tunaondoka."

"Ondokeni," nilisema. "Lakini sijasonga."

Nilichukua kamba na panga. Sikugeuka kutazama nyuma. Si kwa ushujaa: njia ilikuwa na mawe na jicho moja lilikuwa bado halijafunguka vizuri. Nilishuka bonde, nikapanda mgongo wa pili, nikautafuta mti kwa maelezo ya baba, mti wenye kovu la radi. Mzinga ulikuwepo. Gome lilikuwa limepasuka upande mmoja, na ndani hapakuwa na kitu ila masega makavu yaliyoliwa na nondo. Nyuki walikuwa wamehama muda mrefu. Niliweka kiganja changu juu ya mikato miwili na nukta. Niliufunga ufa kwa kamba za magome, nikaugeuza mdomo wake kuelekea mbali na upepo, nikashuka.

Jua lilikuwa limeshaegemea milimani niliporudi. Baiskeli zote zilikuwepo, zimefungwa mizigo. Wanaume walikuwa wamekaa kivulini mwa kibanda, wametafuna karanga mbichi mchana kutwa, na Shomari alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza matusi yote anayoyajua.

"Umepata nini huko?" Mhoja aliuliza.

"Nyuki wamehama. Ni mtupu."

"Mtupu." Shomari alizungusha neno hilo kinywani kama mbegu chungu. "Tumekaa na njaa kutwa kwa ajili ya mzinga mtupu."

"Ndiyo," nilisema. "Na ni wangu."

Nilinawa mikono nisonge ugali wa mwisho. Mafiga yalikuwa ya baridi na kuni zilikuwa zimekwisha. Mhoja alinitazama kwa muda, kisha akautazama mgongo wa pili nilikotoka. Akajiinua kwa kushika magoti, akachukua shoka, akaingia msituni kutafuta kuni.