Saa ya Kujijenga

Jirani yangu Laurean, hapa mtaani Picha ya Ndege, amejipa ualimu wa maisha. Tangu amalize vitabu vitatu vya mafanikio, hasalimii mtu kabla ya saa nne asubuhi, eti huo ni muda wa kujijenga. Geti analifunga na simu za watu hapokei.

Jumamosi mama yake alifika kutoka kijijini Kurui na kiroba cha mihogo. Aligonga geti hadi mkono ukachoka. Nilimwamkia, nikamletea kiti na chai. Kupitia dirishani tulimsikia mwanawe akijirekodi kwa ajili ya wafuasi wake wa mtandaoni: "Somo la leo, tuwathamini wazazi wetu wangali hai."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniachia kiroba chote, akajifunga khanga yake vizuri na kurudi stendi.

Saa nne kamili Laurean alifungua geti, akinukia sabuni. Akaniuliza ni nani alikuwa anagonga.

"Msikilizaji wako mmoja," nilimjibu, huku nikimenya muhogo. "Amesema unaongea vizuri sana. Akauliza kama mama yako bado yuko hai."