Siku Mzee Bati Aliponyamaza

Mtaa mzima ulikuwa umekubali, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa upande wa pili wa ukuta.

Binti Bati alijua tangu mwanzo kwamba kwa Mkunga hapaendeki kirahisi, ndiyo maana alimwacha wa mwisho. Alianza na muuza duka, akacheka naye, akakubaliwa. Akaenda kwa mwalimu, akakubaliwa hata kabla hajamaliza kueleza, kwa sababu masanduku ya wanafunzi wake wote yalitoka karakanani kwao. Jina halisi la binti lilikuwa jingine, bila shaka. Lakini baba yake alikuwa fundi bati, watu wakamwita Mzee Bati na yeye Binti Bati, na alipoacha kazi ya mjini akaja kushika mkasi pembeni ya baba, jina likamrudia. Utotoni lilikuwa likimliza. Siku hizi lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kiwanja. Kule halmashauri kilisomeka kuwa cha makazi, na mtu hatakiwi kugonga ndoo na mifereji ya paa mahali panapotambulika kuwa pa kulala. Afisa wa mipango, kijana mpole aliyeruka madimbwi ya uani kwao kama paka, aliwaeleza vizuri. Waombe kibadilishwe, kiwe cha makazi na biashara. Utaitishwa mkutano, majirani waulizwe hadharani. Wa mbali wakinung'unika, hayo yanazungumzika. Ila jirani wa ukuta mmoja akikataa, karakana itafungwa na wao watahamia eneo la viwanda.

Eneo la viwanda lilikuwa mbali, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Binti angeweza. Mzee asingeweza, na hapo ndipo palipomnyima usingizi. Baba yake alikuwa ameanza kusahau. Alisahau majina ya wajukuu, alisahau kama amekula, wakati mwingine aliuliza mama yenu yuko wapi, na mama alikuwa amefariki zamani. Lakini ukimpa nyundo na kipande cha bati, ukamkalisha mbele ya kile kipande cha reli alichokitumia kama fuawe, mkono ulikumbuka kila kitu. Asubuhi ikianza kwa nyundo, siku nzima alikuwa baba. Binti hakuthubutu hata kufikiria angekuwa nani bila nyundo hiyo.

Kwa hiyo akapiga moyo konde, akabisha hodi kwa Mkunga.

Mkunga alimsikiliza hadi mwisho akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka kitambo. Alikuwa amestaafu, lakini nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake ikija duniani, na hakuacha mtu asahau.

"Wewe mtoto nilikupokea kwa mikono hii," alisema. "Ulinipigia kelele masikioni kabla hata sijakufuta. Tangu siku hiyo kwenu hamjanyamaza."

"Tusamehe, mama."

"Natoka zamu ya usiku, miguu imevimba, naweka kichwa kwenye mto. Baba yako huyo, ko! ko! ko! Nikasema nitastaafu nipumzike. Nimestaafu, ko! ko! ko! Leo unataka nisimame mbele za watu niseme nini?"

"Sema tu hutupingi. Ukikataa watatufungia."

"Nikiulizwa nitasema ukweli wangu," alijibu Mkunga, akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Binti alirudi nyumbani uso umemshuka. Ndipo lilipomjia wazo ambalo wakati ule alilihesabu kuwa la busara. Ilibaki wiki moja na siku kidogo kabla ya mkutano. Kama shida ni kelele, basi kelele ikome. Zipo kazi za kukata, za kulehemu, za kupaka rangi. Mkunga atapumzika, moyo utalainika, na siku ya mkutano atasema hawa watu sikuwa nawajua kumbe ni wastaarabu.

"Bati lisipogongwa linabaki bati tu," alinung'unika mzee alipoelezwa, lakini alikubali. Kisha akasahau kwamba amekubali. Binti akalazimika kuificha nyundo chini ya kitanda chake mwenyewe, jinsi mtu anavyomficha mtoto kiberiti, na alipoinuka kutoka pale sakafuni alijichukia.

Siku ya kwanza mzee aliitafuta nyundo yake mpaka ndani ya ndoo. Siku ya pili alikaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, akitazama ile reli. Uani palikuwa kimya kama maji mtungini. Siku ya tatu hakutoka kitandani.

"Leo Jumapili?" aliuliza.

"Ndiyo, baba. Jumapili," binti alimjibu kwa sauti ya juu.

"Imekuwa ndefu," alisema mzee, akageukia ukutani.

Binti alikuwa bado amesimama pale mlangoni aliposikia geti likisukumwa bila hodi. Mkunga huyo. Gauni alilivaa ndani nje, mguu mmoja una kandambili na mwingine una kiatu, na mkononi ameshika ule mkoba wa kazi ambao haukuwa umetoka nje tangu astaafu. Hakusalimia. Alimsukuma binti kwa kiwiko, akaingia chumbani, akapiga goti kando ya kitanda na kumshika mzee kifundo cha mkono. Midomo yake ikawa inahesabu.

Mzee akafumbua macho, akamtazama kwa muda, kisha akautazama mkoba.

"Shemeji," alisema. "Nani kajifungua?"

Mkunga aliuachia ule mkono. Akakaa pale pale sakafuni, akajifunika uso na kulia, yeye ambaye mtaa mzima haukuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa mumewe. Binti alichutama karibu naye asijue ashike wapi. Mwishowe alimshika bega.

"Amekuwaje?" Mkunga aliuliza kwa hasira alipoweza kusema. "Mbona hamkuniita?"

"Hajapatwa na kitu, mama. Ni mimi. Niliificha nyundo ili upumzike."

"Ili nipumzike!" Mkunga alijifuta pua kwa upindo wa gauni, akagundua limegeuzwa, akaendelea kujifuta hivyo hivyo. "Juzi nilifurahi, sikufichi. Nikasema leo nitalala kama watu. Jana nikalala tena. Leo nimeamka, nimekaa kitandani, nikakumbuka."

Alimtazama mzee pale kitandani. Mzee naye alikuwa amemgeukia, kana kwamba anasikia, ingawa masikio yake yaliliwa na bati miaka mingi iliyopita.

"Mume wangu alikuwa na kikohozi cha asubuhi," alisema Mkunga. "Unakumbuka? Kikohozi cha kuamsha mtaa. Nilimsema nacho mpaka nikachoka. Siku moja hakukohoa. Nikasema afadhali, leo amepata usingizi mzuri, nisimwamshe. Nikaenda jikoni nikapika chai, nikanywa na ya pili kwa raha zangu. Yeye yuko mle ndani amekwishaondoka. Mimi niliyepokea watoto wa watu wote hawa, sikujua. Nilifurahia kimya."

Binti alimkumbatia kwa nguvu, na Mkunga akakubali kukumbatiwa, jambo ambalo nalo halikuwa la kawaida yake.

"Haya, basi," alisema baadaye, akijitoa. "Iko wapi hiyo nyundo? Kailete, kabla huyu hajageuka mgonjwa kweli."

Binti alikwenda chumbani kwake, akaingia chini ya kitanda, akatoka nayo na vumbi nywele nzima. Mzee alipoiona alijiinua mwenyewe. Walimshika huku na huku mpaka uani, wakamkalisha kwenye kigoda, na binti akampa bati la ndoo lililokuwa linasubiri. Mzee aliligeuza, akalipapasa ukingo kwa kidole gumba. Kisha, ko! ko! ko!

"Polepole basi!" Mkunga alifoka. "Kuna watu wamezeeka hapa!" Lakini hakuondoka. Aliomba chai, akakaa juu ya sanduku la mwanafunzi ambalo rangi yake haijakauka, akatoka pale saa nne na doa la kijani nyuma ya gauni.

Alipokuwa getini binti alimwita. "Mama, na mkutanoni?"

"Nimeshakuambia. Nitasema ukweli wangu."

Siku ya mkutano walikusanyika kwenye darasa moja la shule, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mzee Bati alikaa mbele na shati lililopigwa pasi. Muuza duka alisema, mwalimu akasema, wote vizuri. Afisa akauliza kama yupo jirani wa ukuta mmoja. Mkunga alisimama.

"Sipingi," alisema Mkunga. "Lakini nina sharti, na liandikwe."

"Tunakusikiliza, mama."

"Kazi isianze baada ya saa mbili asubuhi."

Afisa aliandika, akasita, akasoma alichoandika. "Nadhani mama unamaanisha isianze *kabla* ya saa mbili."

"Kijana, nimesema baada. Wakianza mapema mno nitagombana nao mwenyewe, hiyo si kazi ya halmashauri. Lakini ikifika saa mbili sijasikia nyundo, nataka niwe na haki ya kuingia nyumba ile bila hodi nikajue kuna nini."

Watu walicheka. Kisha kicheko kikapungua chenyewe, kwa sababu wengi mle walikumbuka asubuhi ya msiba ule, na muuza duka akaanza kutazama dirishani.

"Sijawahi kuandika sharti la namna hii," alisema afisa kwa sauti ya chini.

"Leo utaandika."

Akaandika. Mzee Bati, ambaye hakuwa amesikia hata moja, alimvuta binti yake mkono.

"Shemeji anasemaje?"

Binti aliinama mpaka sikioni mwa baba.

"Anasema kesho usichelewe kazini, baba."

Mzee aliguna, akaanza kupapasa chini ya dawati akitafuta fimbo yake.

"Mwambie mimi sichelewi," alisema. "Haya twende, tumekaa sana hapa."