Hodi ya Nne

Bi Sikudhani anapitiwa na usingizi kwenye benchi la kliniki ya kisukari, saa nne asubuhi, faili la kijani mapajani, mguu wa kulia umefungwa bandeji. Kidole gumba kimekufa ganzi mwezi wa pili sasa, na leo daktari anaamua kama kikatwe. Anafumba jicho moja tu, halafu la pili, na benchi linalainika, linakuwa barabara nyekundu yenye joto inayokwenda bila kufika, na kando ni nyumba na nyumba, zote sawa, kana kwamba ni moja tu imewekwa mbele ya kioo. Sukari imejaa njiani hadi magotini, inanata kwenye kanga. Mtu asiye na uso anamwambia, Bibi, leo ndiwe insulini. Neno lako ni moja, fungueni sukari iingie. Ila utabisha usiingie, utasema nje wasikie ndani. Mafumbo kaa nayo mwanangu, anajibu, mie mguu unaniozea.

Anapiga hodi nyumba ya kwanza. Bawabu analipokea neno, anamnong'oneza wa ndani, naye anampa mwenziwe, mdomo kwa sikio, hadi malango ya kupitishia sukari yanatolewa stoo na kupachikwa ukutani. Neno linaendelea mpaka chumba cha katikati, ambako karani anafunua kitabu kinene, ukurasa mmoja tu kati ya maelfu, anausoma, na mafundi wanaanza kazi. Sukari inaingia. Anawasikia wenyeji wakitafuna.

Barabara inajikunja na kumfikisha mtaa wa kidole gumba. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi. Kwao hodi ni tatu, ukinyamaziwa unarudi, ndivyo alivyolelewa, na kweli anageuka, hatua mbili, ndipo anasikia watu ndani wakilia njaa. Njaa! Na sukari imefika dirishani! Hasira inampanda. Nyie mabawabu, mmelala au mmekufa? Tumechoka, Bibi, inajibu sauti. Wajumbe mamia kwa mamia, hodi hodi hodi tangu alfajiri, miaka yote, masikio yamekufa. Nani kawatuma wote hao? Si yule wa chai ya sukari vijiko vitano? Bi Sikudhani anamjua. Kisha hasira inamrudia maradufu, nusu yake akijikasirikia mwenyewe. Basi huyo niachieni mimi! Nyinyi mmewekwa mlangoni mlinde watu au mlinde usingizi wenu? Asiye na uso anamvuta kanga, Bibi, hodi ni tatu. Tatu za nani, na watu wanakufa humo? Na anaupiga mlango teke, kwa mguu ule ule mgonjwa, maumivu yanapanda hadi utosini.

Bibi, taratibu, unalipiga benchi mateke! Nesi amemshika bega. Ukuta wa kliniki bado unapumua, au ni macho yake. Kidole kinauma, anasema. Kinauma! Machozi yanamtiririka, na wagonjwa wenzake wanamtazama kama mwehu. Kinauma wapi, Bibi? Sijui kama ni huku au ni kule ndotoni, mwanangu, sijui, we mwite daktari kabla hakijaacha kuuma.