Mdhamini wa Kiti cha Nyuma

Haya alinisimulia fundi cherehani, siku aliyokuja kunipima gauni la harusi ya mjukuu wangu. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alianza mabega yalipokwisha kupimwa. Ni habari za mumewe, dereva, ambaye watu humwita Taratibu kwa sababu hapiti baiskeli bila kumwamkia mwenye baiskeli.

Taratibu alimwendesha mwenye kiwanda cha sabuni miaka thelathini na mmoja, gari lile lile la kijani, la taa za mviringo na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Mwenye kiwanda hakugusa mlango hata siku moja. Gari likisimama, Taratibu alishuka, akazunguka, akamfungulia. Mzee alipofariki walimzika Jumanne. Jumatano saa kumi jioni alikuwa kiti cha nyuma, kofia magotini, anasubiri kupelekwa matembezi. Taratibu alimfungulia mlango, mzee akasema hana miadi popote, akafungiwa tena. Tangu hapo kila siku saa kumi alizungushwa mjini mara moja na kurudishwa bandani.

Miaka minne ikapita. Binti wa marehemu akaona paa la nyumba linavuja, akaamua kuuza gari. Aliandika tangazo: "Gari la kale, rangi yake ya asili, baba yumo ndani." Akaja mwenye hoteli, akalipenda. Alisema Ijumaa ataleta lori, atang'oa injini liwe jepesi, aliweke ukumbini juu ya zulia watu wapige picha. Kuhusu baba, alisema wageni watafurahi.

Injini ile Taratibu alikuwa ameilea kama mtoto njiti. Kipuri kilichokosekana dukani alikichonga mwenyewe kwa tupa. Alikwenda kwa binti akiwa amevua kofia.

"Dada, niuzie mimi."

"Una pesa, kaka?"

"Nina nusu."

"Tafuta nusu nyingine kabla ya Ijumaa. Hata mimi ningependa ubaki nalo. Lakini upendo hauzibi paa."

Hiyo nusu yenyewe ilitoka kwenye cherehani, sare za shule mbili. "Wanaume wengine huomba mke wa pili," fundi aliniambia akinizungushia futi kiunoni. "Wangu ameomba mkweche. Nikasema afadhali, mkweche hauji na mama mkwe."

Benki walitaka kuliona gari, basi Alhamisi wakaenda nalo wote watatu, mume, mke na marehemu. Afisa mikopo alikuwa binti mpole. Alibonyeza mashine yake.

"Umefanya kazi wapi, baba?"

"Kiwanda cha sabuni. Miaka thelathini na mmoja."

"Barua ya ajira?"

"Sikupewa."

"Karatasi za mshahara?"

"Bosi alinipa mkononi, kwenye bahasha."

Afisa akabonyeza tena. "Hapa inaonekana hujawahi kufanya kazi popote."

"Na hii mikono ilisuguliwa na nani?"

"Mimi naiona, baba. Mashine ndiyo haioni. Tafuta mdhamini anayekufahamu kazini."

"Yupo hapo nje, kwenye gari."

Afisa akachukua faili na kalamu, akatoka naye. Alimwamkia mzee kwa adabu, akamuuliza kama ana akaunti. Anayo. Akaingia ndani kuihakiki, akarudi ameridhika. Akaunti ilikuwa safi, kwa kuwa mwenyewe hakuwa ametoa hata shilingi kwa miaka minne. Meneja naye alikuwa ameusoma mwongozo. Ulisema mdhamini awe na umri wa zaidi ya miaka kumi na minane na akili timamu. Suala la kupumua halikutajwa.

"Mzee, huyu baba amekufanyia kazi muda gani?"

Mzee alifikiri. "Dereva? Ah, si muda mrefu. Miaka mitatu, minne hivi."

Taratibu alikuwa ameshika mlango, akatazama viatu vyake. Mkewe ndiye aliyeinama dirishani.

"Mzee, mwanetu wa kwanza ana mvi sasa. Alizaliwa huyu ameshaanza kazi kwako."

"Hongereni," mzee akasema.

Ikaandikwa minne. Mashine ikakataa, minne haitoshi. Lakini ikapendekeza kwa hiari yake kwamba marehemu mwenyewe anaweza kukopeshwa, tena kwa riba nafuu. Basi mkopo ukatoka kwa jina la marehemu, kadi ya gari ikaandikwa jina la marehemu, na Taratibu akaruhusiwa kulipa. Asiyepumua akaaminiwa, anayepumua akaambiwa asichelewe kila tarehe tano.

Ijumaa lori lilikuta banda tupu. Mwenye hoteli, asirudi mikono mitupu, akanunua kochi.

Sasa gari linakaa uani kwa fundi, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Jumapili wanatoka wote, yeye kiti cha mbele amejifunga kilemba, majirani wakipiga vigelegele kana kwamba ameolewa tena. Jumapili iliyopita walikwenda mpaka kilimani baada ya chakula cha mchana. Taratibu akazima injini, upepo ukapita dirishani.

"Mzee," fundi akauliza, "hivi gari hili ni la nani?"

"Langu," mzee akajibu, bila ubaya wowote. "Kadi si inasema hivyo?"

"Na anayelilipia?"

"Dereva. Mtu mwaminifu sana. Ninafikiria kumpa barua ya ajira."

Taratibu akageuka. "Lini, bosi?"

"Ukitimiza miaka mitano."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, na Taratibu naye akashindwa kujizuia. Kisha Taratibu akalaza kiti, akafunika uso kwa leso, akalala. Mkewe akavua viatu, akapandisha miguu, akalala. Yaliyofuata mzee mwenyewe aliwaeleza walipoamka. Saa kumi ilipofika alimgonga dereva begani. Hakujibiwa. Akasubiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote alipokuwa hai, na jua lilipomfikia mapajani akaegemeza kichwa kwenye kioo, naye akalala.